Shoti ya mlangoni na moto wa petroli

SWALI: Nikishuka garini na kugusa mlango, mara nyingi napigwa shoti ndogo. Ninapojijazia petroli huwa naacha nozeli kwenye tangi na kurudi kukaa ndani mpaka ijae. Je, shoti hiyo inaweza kuwasha moto? Na simu niizime?

JIBU: Inaweza, na hatari yenyewe iko hapo pa kurudi kukaa ndani.

Hiyo shoti ni umeme tuli. Nguo husuguana na kitambaa cha kiti, na unapoinuka chaji hubaki mwilini; soli za mpira huizuia isishuke ardhini. Hewa ikiwa kavu ndiyo inazidi. Mtu huanza kuhisi shoti mwili ukifikia takriban volti 3,000. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa huhitaji nishati kidogo mno, kama robo tu ya milijuli, ili uwake, kwa hiyo cheche unayoihisi kidoleni inatosha kabisa.

Unaposhuka mara ya kwanza, mlango na kifuniko hukutoa chaji kabla tangi halijafunguliwa. Mara ya pili unaruka kutoka kitini na mkono wako wa kwanza unakwenda kwenye nozeli, katikati ya mvuke. Basi baki nje mpaka umalize. Ikikulazimu kuingia, ukishuka gusa kwanza chuma cha gari kwa mkono mtupu, mbali na mdomo wa tangi.

Moto ukiwaka, usichomoe nozeli! Najua mkono utataka kuichomoa, lakini utakuwa unamwaga petroli inayowaka miguuni pako. Ndani ya tangi mvuke huwa mwingi mno kwa hewa iliyomo, hauwezi kuwaka, ndiyo maana moto kwa kawaida huishia mdomoni. Iache, rudi nyuma, abiria washuke, pampu izimwe kwa swichi ya dharura.

Simu inasingiziwa mno. Cheche ya mwili wako inatisha zaidi. Hata hivyo iweke mfukoni, maana anayeongea na simu hasahau tu kutazama pampu, husahau pia alichogusa. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka katika joto la kawaida, ila tabia iwe ile ile.

Na dumu usilijazie ndani ya gari, hasa juu ya zulia au plastiki, kwani chaji haina pa kutokea. Liweke chini, nozeli iguse mdomo wake muda wote.