Uzi na mafundo ya mfarishi wa vipande

Ukiingia Kariakoo kuulizia uzi wa kufungia mfarishi, yaani lile tandiko la kitandani la tabaka tatu, muuzaji atakuletea uzi mgumu kuliko wote alionao. "Huu haukatiki, dada, hata ukifungia ng'ombe." Mshukuru, kisha umrudishie. Uzi usiokatika na uzi unaoshika fundo ni vitu viwili, na sisi tunautaka huo wa pili.

Nasema na wenzangu wanaounga vipande vya khanga na vitenge, halafu hawana mashine wala subira ya kupitisha mishono mfarishi mzima. Tunafunga tu: tabaka la juu, la kati na la chini yanashikwa na mafundo madogo, moja baada ya jingine. Ni kazi unayoweza kuifanya barazani umeme ukiwa umekatika. Tatizo ni kufua. Kwa wengi wetu mfarishi unalowekwa kwenye beseni, unasuguliwa kwa sabuni ya mche, halafu watu wawili wanashika huku na huku na kuukamua kwa nguvu zao zote. Hapo ndipo fundo linapojulikana.

Nailoni na poliesta huteleza. Utafunga vizuri, lakini mfarishi ukifuliwa mara kadhaa utaona ncha zinajichomoa. Na pale fundo linaposhika kweli, uzi huo mwembamba na mgumu unaikata khanga. Kwangu mimi, ikibidi kitu kikatike, na ukatike uzi. Fundo jipya ni kazi ya dakika moja, tundu linataka kiraka.

Mimi natumia uzi wa pamba wa kudarizi, ule wa mafungu ya mita 8 wenye nyuzi ndogo 6 zilizolala pamoja. Usizitenganishe, pitisha zote sita. Uzi wa pamba wa kufumia vitambaa vya meza nao ni mzuri, na donge moja linakwenda mbali. Uzi wa sweta unapendeza kwa vishungi vyake, yaani zile ncha zinazobaki nje ya fundo, ila uulizie vizuri: sufu halisi hushikana yenyewe ikifuliwa, akriliki inafunguka. Nyekundu na bluu iliyokolea ziloweke kwanza pamoja na kipande cheupe, uone kama zinatoa rangi.

Sindano iwe na tundu kubwa na ncha kali. Shazia ya magunia iache ilipo, inatoboa khanga vibaya. Sindano ikikwama kwenye tabaka tatu, ishike kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, itatoka bila kukuumiza vidole.

Sasa fundo lenyewe. Shuka na sindano hadi chini kabisa, panda nusu sentimita pembeni, kisha rudia mshono huohuo palepale. Huo wa pili watu wengi wanauruka, na ndio unaopunguzia fundo mzigo. Acha ncha za kutosha kushikika. Ncha ya kulia ipite juu ya kushoto na kuzunguka, halafu ya kushoto ipite juu ya kulia. Likiwa sahihi, fundo linalala bapa na ncha zinatokea ubavuni, kulia na kushoto. Ukiona moja inaelekea juu na nyingine chini, umerudia upande uleule mara mbili. Lifungue, maana litaachia.

Kama uzi unalegea kabla hujamaliza hatua ya pili, katika hatua ya kwanza zungusha ncha mara mbili badala ya moja. Madaktari wa upasuaji nao hufunga hivyo. Mimi siku hizi nafunga hivyo kila fundo, nimeacha kubahatisha. Kaza hadi kitambaa kibonyee kidogo tu, kisikunjamane. Ncha zikate zibaki sentimita 2 hivi. Ukizikata fupi sana kwa ajili ya unadhifu, zitapenya na kufunguka.

Nafasi kati ya fundo na fundo inategemea ulichoweka katikati. Pamba ya kutandaza inataka inchi 4 au chini ya hapo. Blanketi jembamba, ambalo kwa joto la Dar linatosha kabisa, linavumilia hata inchi 6, kwa sababu halisogei. Sufi, ile ya mti wa msufi, usiweke. Inafaa kwenye mito, lakini ndani ya mfarishi itakimbilia pembeni hata ufunge kila inchi.

Kwa godoro la futi 5 kwa 6, ukifunga kila inchi 4 utapata mafundo kama 270 na utatumia karibu mita 50 za uzi. Nunua mafungu 7 kwa mkupuo, maana ukirudi wiki ijayo nyekundu ya dukani haitakuwa nyekundu yako. Anza katikati ukielekea kingo, na ukwepe pale mishono minne inapokutana. Sogea pembeni kidogo, sindano itapita.

Mfarishi wa mtoto mchanga sifungi. Vishungi vinaishia mdomoni au vinazunguka vidole. Huo naupeleka kwa fundi cherehani aupige mishono.

Uzi ukibaki, mpe mteja kipande cha mita mbili pamoja na mfarishi wake. Fundo likiachia, achomoe hilo moja tu na kufunga jipya kwenye matundu yaleyale, bila kugusa mengine.