Kabla ya kutazama p, uliza kipimo

Wadogo zangu mnaoanza takwimu hapa Moshi, kosa la kusoma namba ya jedwali bila kuuliza ni ya kipimo gani lilinipotezea maksi mwaka wa kwanza, na kila mwaka naona wengine wakilirudia.

Tulipewa data za kufanyia mazoezi: joto la vituo 18 vya kubuni, kuanzia mjini, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kompyuta ikatoa jedwali la rigresheni, yaani la mstari ulionyooka unaokadiria joto kutokana na mwinuko. Konstanti 29. Mwinuko -0.006, ndio mteremko wa mstari. Kosa sanifu, yaani kadirio la jinsi mteremko huo unavyoweza kuyumba, 0.0004. t, yaani mteremko ukigawanywa kwa kosa sanifu, -15. p, nitakayoieleza chini, 0.000. Chini kabisa, R mraba 0.93. Nikaitazama ile 0.006, nikaandika kwamba mwinuko karibu hauna athari kwa joto. Mwalimu aliponirudishia karatasi aliniuliza swali moja tu: umewahi kulala Horombo, kambi ya juu mlimani Kilimanjaro, bila koti?

Ile 0.006 ni ya mita moja. Ukipanda mita 1, joto linashuka nyuzi 0.006, ukipanda mita 1,000, nyuzi 6, kutoka mjini hadi Uhuru, karibu nyuzi 30. Mkiingiza mwinuko kwa kilomita, jedwali litawapa -6 na kosa sanifu 0.4, lakini t itabaki -15, na p na R mraba hazitaguswa. Mlima ni uleule. Kwa hiyo, kabla macho hayajakimbilia p, andikeni sentensi nzima yenye vipimo vyote viwili, cha mwinuko na cha joto. Sentensi hiyo ikiwashinda, jedwali bado hamjalisoma.

Konstanti isiwasumbue sana. Ile 29 ni joto mahali ambapo mwinuko ni sifuri, yaani ufukweni, na sisi hatukupima Tanga. Mstari unaihitaji ili usimame, msiitolee hitimisho.

Sasa p. Hiyo 0.000 si sifuri, programu imekata desimali tu. Andikeni "chini ya 0.001". Maana yake ni kwamba kama mwinuko usingehusiana kabisa na joto, kupata mteremko mkali hivi kwa bahati tu kungekuwa nadra mno. Ukubwa wa athari haumo humo. Ukiwa na sampuli kubwa sana, hata tofauti ambayo mkulima wa kahawa wa Machame hawezi kuihisi shambani itapata p ndogo. Mimi napenda zaidi kosa sanifu: zidisha kwa 2, ongeza na utoe kwenye mteremko. Hapa unapata kushuka kwa kati ya nyuzi 5.2 na 6.8 kwa kila kilomita. Hilo unaweza kumweleza mtu sokoni Mbuyuni akakuelewa.

R mraba inasema asilimia 93 ya tofauti za joto kati ya vituo inaendana na mwinuko. Basi. Haithibitishi kwamba mstari ulionyooka ndio umbo sahihi. Kwa hilo choreni mabaki, yaani joto lililopimwa kutoa lile lililokadiriwa. Yakitawanyika ovyo juu na chini ya sifuri, endeleeni. Lakini vituo vya mjini na vya kileleni vikiwa juu ya sifuri huku vya katikati vyote viko chini, uhusiano umepinda, na R mraba ya 0.93 haitawaambia hivyo.