Uliza Fundi: RD350 ya mjomba inayumba, nianzie wapi?

SWALI: Salaam aleikum Fundi. Mimi niko Malindi, mtaa wa Shella. Marehemu mjomba aliniachia Yamaha RD350 ya 1974, ilikaa stoo miaka mingi, injini tumeifufua mimi na rafiki yangu na sasa inalia vizuri tu, moshi wake ule wa kitambo watu wanageuka. Shida iko barabarani. Nikishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui nikafungua mpaka kama 100, nyuma inaanza kwenda upande huu na upande huu, na kwenye kona inaenda inakotaka yenyewe. Fundi mmoja wa boda aniambia nifunge tairi pana za kisasa, mwengine ati nitafute steringi dampa, kile kifaa cha kutuliza usukani, mwengine ati fremu imepinda niuze chuma chakavu. Mwezi huu nina pesa ya kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

JIBU: Wa aleikum salaam kijana wangu, Mungu amrehemu mjomba. Hiyo pesa iache mfukoni kwanza manake nusu ya kazi hii haitaki pesa, inataka spana na jioni moja. Na huyo wa fremu kupinda muulize alipima na nini.

Ujue una pikipiki gani. RD350 ilitoka 1973 kuchukua nafasi ya Yamaha iliyoitwa R5, cc 347, hospawa 39, uzito kilo 140 na ushee, na wakati huo Yamaha walikuwa wanashinda mbio na mashine za tustroki, yaani injini za mipigo miwili kama yako, kwa hiyo fremu walikuwa wanaijua. Tustroki iliyokuwa na jina baya la kuyumba tangu kiwandani ni Kawasaki H1 ya 1969, ile ya silinda tatu cc 500 na hospawa 60, hiyo kweli injini ilikuwa imeizidi fremu. Yako sivyo. Yako imelegea tu, hapa kidogo na pale kidogo, ukijumlisha ndio hiyo densi unayocheza pale Sabaki.

Sasa sikiliza mwili wa pikipiki unavyosema. Usukani ukitetema harakaharaka mkononi, mara nyingi kwenye 60 au 70 ukilegeza mikono, shida tafuta mbele: beringi za shingo ya usukani, tairi la mbele, gurudumu lisilo balansi. Lakini pikipiki nzima ikiyumba polepole tena kwa kasi kubwa, kama unavyoeleza wewe, anza nyuma. Ndio maana sitaki ununue steringi dampa, hiyo itakuficha dalili tu na ugonjwa uko palepale unaendelea kula.

Weka stendi kubwa, mwambie rafiki yako ashike fremu sawasawa, wewe shika tairi la nyuma juu na ulisukume kulia kushoto. Ukisikia tik, angalia ni beringi za gurudumu au ni pale swingamu, ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, inaposhikana na fremu. Nakuwekea dau ni swingamu. Yamaha waliweka bushi za plastiki pale, yaani vijimrija ambavyo mhimili unapita ndani yake, na plastiki ya 1974 ukiongeza grisi iliyokauka haina jipya. Hapa ndipo pesa yako ya kitu kimoja inapokwenda: toa swingamu, peleka kwa fundi wa kukereza pamoja na ule mhimili wake, mwambie akukerezee bushi za bronzi zikae kwa kubana, ziwe na mfereji wa kupitisha grisi. Mhimili wenyewe ukiwa umeliwa na kutu, ambayo kwa hewa yetu ya chumvi ni jambo la kawaida, ukerezwe mpya pia la sivyo bushi mpya itachezea chuma kibovu. Ukirudisha, swingamu iteremke kwa uzito wake yenyewe taratibu bila kucheza pembeni. Nimeona pikipiki nyingi za zamani zikipona hapo tu, mwenyewe anarudi anakuuliza umebadilisha shoki au nini.

Kisha uzi. Alama zilizochorwa kwenye swingamu kwa ajili ya kukazia cheni usiziamini, funga uzi nyuma ya tairi la nyuma uulete mbele pande zote mbili, tairi la mbele likae katikati ya nyuzi sawasawa. Hii ni bure na watu hawaifanyi.

Mbele: inua gurudumu lisiguse chini, geuza usukani polepole. Ukisikia kama unaingia kijishimo pale katikati, gololi zimeshachimba vikombe vyake. Zile gololi za kiwandani ni za kumwagwa moja moja, watu wengi huzitoa wakaweka beringi za rola zilizochongoka, na ni mabadiliko mazuri, ila usikaze kama unafunga hedi ya lori! Usukani ukiusukuma kidogo uanguke wenyewe upande wowote. Ukikaza sana pikipiki inayumba vilevile, tena vibaya zaidi.

Foku nazo, yale mabomba mawili ya mbele yanayoshika gurudumu, oili iliyomo ndani nina hakika imeshakuwa uji. Mwaga, osha, weka oili ya foku namba 10 au 15, kipimo sawa pande zote mbili. Funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye bomba la foku, kaa juu, shuka taratibu, uone imezama kiasi gani, inatakiwa robo mpaka thuluthi ya mwendo wake wote. Ikizama zaidi kata kipande cha paipu ya PVC ukiweke juu ya springi, ila ujue hicho kinainua tu mbele, springi yenyewe haiwi ngumu zaidi. Na bomba lenye madoa ya kutu litakula sili, ule mpira wa kuzuia oili, kila ukibadilisha, usilaumu sili.

Shoki za nyuma zikiwa hazizuii mruko, yaani ukiibonyeza inaruka tu juu chini, hizo zimekufa, lakini ukinunua nyengine pima tundu kwa tundu urefu uwe uleule. Ndefu inainua makalio, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inapoteza utulivu, na hapo kwenye uwazi wa Mambrui upepo wa kusi ukikupiga ubavuni utanikumbuka.

Tairi: asili ni 3.00-18 mbele na 3.50-18 nyuma. Nyuma unaweza kwenda 100/90-18 ukaishia hapo. Rimu ni nyembamba, ukiweka tairi pana inabinywa inakuwa kama yai na kona zinakuwa nzito. Soma zile tarakimu nne ubavuni, 2318 maana yake wiki ya 23 ya 2018. Kama ni zile za mjomba zitoe hata kama zina meno, mpira umeshakuwa kibao.

Hiyo kona unayolalamikia huenda nusu yake ni wewe, usikasirike. Tustroki ukifunga mafuta haikushikilii kama foostroki, inateleza tu mbele, halafu ikifika 6,000 hivi inaamka ghafla. Kwa hiyo breki na giya umalize kabla hujailaza pikipiki, ndani ya kona fungua kidogokidogo bila kukata. Na breki fluidi ubadilishe, unyevu wa pwani inaunywa, hasa kopo likiwa limefungwa vibaya.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa Watamu, nina Vespa PX 150. Nikiachia mkono inavuta kulia. Imegongwa?

JIBU: Si lazima dadangu. Injini ya Vespa imekaa upande wa kulia kwa hiyo uzito uko huko tangu kuzaliwa kwake, ikivuta kidogo ni maumbile. Ikivuta sana, angalia upepo kwanza, vigurudumu vya inchi 10 pauni chache tu zinabadilisha kila kitu, halafu zile raba zinazoshika injini kwenye bodi, zikichoka injini inakaa kombo na gurudumu nayo. Na usiachie mikono.

SWALI: Nina pikipiki ya Yamaha DT175, natoka Gongoni njia ya mchanga, mbele inazama na kugeuka. Niweke tairi gani?

JIBU: Tairi baadaye. Punguza upepo mpaka kama pauni 15, simama kwenye vikanyagio, makalio nyuma, fungua mafuta, ukipunguza mwendo ndio inachimba. Ukirudi lami jaza tena. Na kila ukipunguza hivyo angalia valvu ya tyubu, ukiiona imelala upande ujue tairi limezunguka kwenye rimu, toa upepo wote uirudishe iwe wima kabla haijakatika shingo.