Jibu: Debian 12, ext4 na kerneli 6.1.64: fsck haioni kitu, mafaili yameharibika

Habari mkuu. Umesema seva yako ilipata kerneli (kiini cha mfumo) ya 6.1.64 Desemba 2023, fsck (kikaguzi cha diski) inasema diski ni safi, lakini baadhi ya mafaili yana data iliyovurugika.

Anza na `last reboot`, inayoonyesha seva iliwashwa lini na kwa kerneli ipi. Ukiona mstari wenye 6.1.0-14-amd64, hiyo ndiyo 6.1.64, yenye hitilafu. Kama wtmp (faili la kumbukumbu hizo) imeshazungushwa, yaani imeanzishwa upya na ya zamani kuwekwa kando, ongeza `-f /var/log/wtmp.1`. Tarehe za mistari hiyo ndizo za kushuku, nyingine ziache.

fsck usiitegemee hapa. Yenyewe hukagua muundo wa mfumo wa faili, na muundo wako ni mzima. Kiraka (marekebisho ya msimbo) kimoja cha ext4, mfumo wa faili wako, kilitolewa kwenye kerneli mpya na kuwekwa kwenye 6.1 bila kiraka cha iomap (sehemu nyingine ya kerneli) ambacho chenyewe kinakihitaji, basi baada ya kuandika kwa O_DIRECT (moja kwa moja diskini, bila kupitia kashe) alama ya mahali pa kuandikia kwenye faili haikusogezwa mbele. Andiko linalofuata likatua pasipo pake. cp ya kawaida hupitia kashe, kwa hiyo haiguswi. Kagua kwanza database na programu zinazoandika moja kwa moja kwenye diski.

Dawa ni 6.1.66, iliyokuja na Debian 12.4, au ya baada yake: `apt update`, `apt full-upgrade`, kisha washa upya na uthibitishe kwa `uname -v`, maana `uname -r` haitaji namba hiyo. Ile 6.1.0-14 iondoe kabisa, isije ikachaguliwa kwenye GRUB (menyu ya kuwashia).

Data iliyokwisha kuandikwa vibaya hairudi kwa kiraka. Rejesha bakapu ya kabla ya 6.1.0-14. Hiyo database ni ipi, na umeiwekea O_DIRECT?