Barua kwa mwanangu Aikaeli: asante ya baba yako

Machame, Januari

Mwanangu Aikaeli,

Marahaba, mama. Huku hatujambo. Baba yako anaendelea vizuri na ule mguu, ng'ombe amezaa juzi usiku, dume, na wageni wote wameshaondoka. Nyumba imerudi kuwa ya watu wawili.

Nimechelewa kukujibu. Ujumbe wako uliingia siku ileile mliyoondoka, basi lenu limeshapita Same, na mara tatu nimeanza kuandika jibu kwenye simu nikafuta. Mambo mengine hayaenei kwenye simu. Nimeomba daftari kwa mtoto wa jirani, nikimaliza atazipiga picha kurasa akutumie.

Uliniuliza hivi: "Mama, baba amewahi kukuambia asante hata siku moja? Na wewe hukuumia?" Ukasema umeliwaza jambo hilo tangu Jumapili ile tuliyopeleka shukrani ya familia, baba yako aliposimama mbele ya kanisa. Alimshukuru Mungu kwa mwaka. Akamshukuru mchungaji, kwaya, wazee wa kanisa, mkwe wake, nyinyi watoto kwa kuja, mpaka dereva aliyewafikisha salama. Ukasema wewe ulikuwa unanitazama mimi, na jina langu halikuja. Kisha mnada ukaanza, watu wakagombea jogoo na mkungu wetu wa ndizi, na tulipofika nyumbani nikavua kitenge cha kanisani nikaingia jikoni.

Nilisikia, mwanangu. Usidhani sikusikia.

Jibu fupi ni hapana. Asante ya mdomo, iliyoelekezwa kwangu, katika miaka 41 ya ndoa siikumbuki. Na ndiyo, niliumia. Ningekuwa nakujibu kwenye simu ningeishia hapo, na ungebaki na picha ya baba yako ambayo si kamili. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Bibi yako mzaa baba, unamkumbuka kidogo, alikuwa na neno hilo mdomoni mchana kutwa. Aika, asante ya kwetu Machame, kwa aliyemletea kuni, aika kwa mtoto aliyemwokotea fimbo. Alikuwa akimaliza kukamua anampapasa ng'ombe mgongoni na kumwambia aika. Mimi ndiyo kwanza nimeolewa, nimesimama nyuma yake na kibuyu cha maziwa, nikawa nasema moyoni: hata ng'ombe. Hata ng'ombe anaambiwa. Kwa hiyo usifikiri baba yako hakulisikia neno hilo akikua. Alilisikia. Ila alilisikia kwa mama, na wanaume wa rika lake walifundishwa kuwa mke ni sehemu ya mwili wako. Niliwahi kumsikia bamkubwa wako akisema mtu hashukuru mkono wake mwenyewe. Mimi sikukubali wakati ule na sikubali leo. Mkono ukiuma, mtu huushika.

Nyinyi mnaokuja kutoka Dar, sikukuu yenu inaanza mnapoteremka njia panda ya Machame. Yangu inaanza wiki mbili kabla. Ndizi za mbege lazima ziwe zimeshaiva, ulezi umeshaloweshwa, umeota, umeanikwa, umesagwa. Ndizi zichemshwe kutwa nzima mpaka zibadilike rangi zikae siku kadhaa, na mtu anayekosea siku moja tu anawapa wageni kitu kichungu kisichonyweka. Bado magodoro ya kuazima, bado sufuria kubwa ya jirani ambayo kila mwaka tunaipangia foleni nyumba nne. Bado majani ya ng'ombe, maana ng'ombe hajui Krismasi. Miaka ya nyuma mlikuwa mnakuta kila kitu kimekaa mahali pake, mnaona kama kimejipanga chenyewe. Sikulaumu. Mimi pia nilikuwa hivyo kwa mama yangu.

Sasa nikwambie mwaka 2001. Wewe ulikuwa na miaka 11, umekaa mkekani na binamu zako mnagombea ukoko.

Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imeanguka dunia nzima. Utakumbuka majirani waliong'oa mibuni wakapanda mboga. Sisi hatukung'oa, lakini tulichopata hakikufidia hata dawa ya kupulizia. Ada ya dada zako sekondari ilitoka kwenye ndizi nilizoshusha soko la Kwa Sadala na kwenye maziwa. Na mwaka huohuo ndio walikuja wengi kuliko wakati wowote, watu 19 ndani ya vyumba vinne. Shangazi yako alikuja na kichanga, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai ya watu wote kulikuwa na mtori wa mzazi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku. Sijidai, ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 26 majani yakaisha zizini. Unajua kwetu majani ni kazi ya mke. Mwanamume atachinja, atapogoa kahawa, atajenga, lakini kushuka tambarare na kupanda na mzigo kichwani ni kwa mwanamke. Ng'ombe alikuwa analia tangu alfajiri, na katika watu wote 19 naona ni mimi peke yangu niliyemsikia. Nikachukua mundu na kamba. Nilipofika kwenye mgomba ule wa nyuma ya zizi, miguu ikakataa. Nikakaa chini nikalia. Hakikuwa kilio cha msiba, kilikuwa kile cha kuchoka ambacho hata sauti hakina.

Baba yako akatokea. Nadhani alikuwa anakwenda chooni. Alinikuta hivyo na hakuuliza kitu. Aliinama akautoa mundu mapajani mwangu, akachukua kamba, akafuata njia ya kushuka.

Saa saba mchana, baba zako wakubwa na wadogo wameshakaa uani, kata ya mbege inazunguka, baba yako, mwalimu mkuu mzima, akaingia na mzigo wa majani kichwani. Ulikuwa umefungwa na mtu ambaye hajawahi kufunga majani maishani mwake: kamba moja tu katikati, upande mmoja umelegea, majani yanapukutika kila hatua. Baadaye nilipotoka kwenda kununua chumvi niliyaona yametapakaa tangu langoni kwetu hadi barabarani. Ungeweza kuyafuata ukafika alikoyakata. Bamkubwa wako akaangua kicheko akamuuliza, "Mwalimu, umeolewa na nani?" Wengine wote wakacheka. Hakujibu. Aliutua mzigo zizini, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti chake akapokea kata. Ncha ya kamba alikuwa ameivutia begani ili mzigo usimwangukie, na hapa chini ya sikio ilikuwa imemchuna ngozi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko nimeshika mwiko. Akanitazama mara moja, akageukia mazungumzo yao.

Usiku ule nililala macho. Nilikuwa nangoja. Nilisema leo atasema, baada ya jambo kama lile lazima atasema neno, hata pole. Akazima taa ya chemli akalala. Hapo ndipo niliumia, mwanangu, kuliko siku nilizochoka. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba anajua. Anajua ninachofanya, anajua kizito kiasi gani, amekibeba kichwani mbele ya ndugu zake wakamcheka. Na bado ulimi wake haukufunguka.

Nikaanza kumsoma kwa njia nyingine. Siyo kwa sababu nilikuwa na hekima, ni kwa sababu nilikuwa na kiu na hapakuwa na kisima kingine. Nikaanza kuona mambo yaliyokuwepo siku zote. Kila mwaka wanaume wakichinja mbuzi kule shambani, nyama ina ugawaji wake tangu enzi, huyu sehemu hii na yule sehemu ile, na wanachochoma pale kwa kuanzia wanakila hukohuko. Lakini baba yako alikuwa anakuja jikoni, hasemi, anaweka kitu kwenye figa la pembeni kisha anaondoka. Ini, kipande cha ukubwa wa kiganja, limefungwa kwenye jani la mgomba, bado moto. Unalijua. Wewe na mdogo wako mmelila miaka yote, mkidhani baba anawaletea nyinyi. Nami nikawaachia mdhani hivyo, maana mliokuwa na njaa ni nyinyi.

Na lipo jina lako. Dada zako wawili majina yao yalikuwa na wenyewe kabla hawajazaliwa: wa kwanza kamrithi bibi mzaa baba, wa pili kamrithi mama yangu. Wewe wa tatu ulikuwa huru, na jina lako lilikuwa lake kulichagua. Nilikuzaa vibaya. Nilipoteza damu nyingi, nikapelekwa hospitali usiku nimelazwa nyuma ya gari la ndizi, na nilipopata fahamu ulikuwa umeshaandikwa. Nikamuuliza, mbona Aikaeli, hatukulizungumza. Akasema, "Si mpo wote wawili." Basi. Maana ya jina lako unaijua tangu utotoni, kwamba ni kumshukuru Mungu. Kwamba mimi nimo ndani yake, nadhani sikuwahi kukwambia.

Lakini usiyachukue haya kama utetezi. Nimekueleza mambo matatu kati ya miaka 41, na katikati yake kuna siku nyingi ambazo sikuona ini wala majani. Mwanamke akibaki kuokota ishara namna hii anachoka. Anaweza pia kukosea, akaokota kisichokuwepo. Nimewaona wenzangu hapa kijijini walioambiwa miaka yote kuwa mume anawapenda kimoyomoyo, na kimoyomoyo hakukuwa na kitu.

Nilipokuja kwenu Kimara mwezi wa tisa, siku ya kwanza nilimsikia mkwe wangu akikuambia asante kwa kikombe cha chai. Nikadhani anakutania. Jioni akasema tena, kwa shati ulilompigia pasi. Siku ya tatu nikazoea. Siku ya tano nilimtengenezea uji kabla hajatoka kwenda kazini, akasimama kabisa, akaweka begi chini, akasema, "Asante sana, mama, nimeshiba." Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani kidogo. Sikutaka mnione.

Kwa hiyo ukiuliza kama mnachofanya huko ni mambo ya mjini tu, kama ulivyoandika mwishoni mwa ujumbe wako, mimi nasema kishikilieni. Mwendelee kuambiana. Watoto wenu wasikie, wa kiume hasa. Ila siku ukichoka kweli, siku miguu inakataa, tazama ni nani anauchukua mundu mapajani mwako. Hilo nalo litazame.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonichelewesha wiki zote hizi. Nilipokuwa nalifikiria swali lako, nilianza kuhesabu yangu. Majani ya 2001, mimi nilimwambia nini? Sikumwambia kitu. Nilinyamaza kwa hasira ya kungoja aanze yeye. Ini la kila mwaka, nilisema nini? Nililigawa. Na mama mkwe, aliyenifundisha kuonja mbege nikajua kama imekomaa, aliyenikalia kitandani miezi mitatu nilipokuzaa wewe akinilisha kwa mkono wake, nilimsindikiza makaburini na sikuwa nimewahi kumwambia aika uso kwa uso, yeye aliyewaambia watu wote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko la baba yako, maana lake bado lina dawa.

Jana jioni tulikuwa tumekaa, yeye na redio yake, mimi nachambua maharage. Nikamwita, "Mwalimu." Akaitika. Nikasema, "Yale majani uliyoniletea ule mwaka kahawa ilipoanguka. Aika."

Akapunguza sauti ya redio. "Majani yapi?"

Nikamkumbusha. "Siku baada ya Krismasi, kaka zako wamekaa pale, umetokea chini." Akanyamaza mpaka nikadhani amerudi kwenye taarifa ya habari. Kisha akajishika shingo, upande uleule, akasema, "Kamba yako ilikuwa na mafundo mengi."

Baadaye kidogo akauliza ninaandika nini kwenye daftari siku hizi zote. Nikamwambia ni barua ya Aikaeli. Akasema nikusalimie, na kwamba ndizi mchare zitapanda basi la Ijumaa, mikungu miwili, mmoja wenu na mmoja wa yule jirani yenu aliyewaangalizia nyumba. Mmpelekee wenyewe, msimwite aje kuchukua.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako