Ukienda Ukumbi wa Kitaifa Nairobi, Anzia Nje

Mara ya kwanza kuingia Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, Nairobi, nilikuwa kidato cha tatu. Tulipangwa mistari, tukaingizwa, tukatazama kitabu cha kutahiniwa kikiigizwa, tukarudishwa kwenye basi. Nilicheka sana, lakini ukiniuliza jengo lilikuwaje, nakumbuka soda tu.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi. Kama unajiandaa kwenda, fika saa nzima kabla ya mchezo, na saa hiyo usiimalize kwa kupiga picha mlangoni. Simama kando ya barabara. Inaitwa Harry Thuku. Machi 1922, Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, alipokamatwa, umati ulikusanyika karibu na hapo kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Polisi wakawamiminia risasi. Ng'ambo utaiona hoteli ya Norfolk, ambayo iko hapo tangu 1904. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa barazani nao walifyatua zao. Ukumbi ulifunguliwa miaka 30 baadaye, mwishoni mwa 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Vijana wanaingia msituni kupigana vita vya Mau Mau, mjini pazia linafunguliwa.

Sasa ingia. Wapenzi wa viti vya mbele watanibishia, lakini mimi hutafuta kiti kinachopakana na njia ya kupitia. Oktoba 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipewa siku chache tu humu, kwa kuwa ratiba ilikuwa imeshikwa na maonyesho ya Wazungu. Hiyo ni miaka 13 baada ya uhuru! Usiku wa kwanza waigizaji walishuka wakiimba, wakapita katikati ya watazamaji, nao watazamaji wakanyanyuka wakafuatana nao hadi nje, ngoma ikiendelea. Usiku mwingine walitaka kuelekea Norfolk. Polisi wakawazuia.

Mengine ni madogo. Nunua tikiti mapema. Ukiwa katikati ya jiji, tembea kwa miguu kupitia upande wa Chuo Kikuu, maana foleni ya jioni itakukosesha onyesho la kwanza (yamenikuta mara mbili). Julai beba sweta. Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena 2015, kwa hiyo usitarajie vumbi la kale. Na ukikuta kuna kitu Ukumbi Mdogo, chumba kidogo cha hapo hapo, kijaribu: unakaa karibu na mwigizaji hadi unamsikia akihema.

Mchezo ukiisha, usikimbilie kuita teksi. Toka polepole na umati hadi langoni, utazame ng'ambo. Kuvuka ni dakika moja au mbili.