Nimepata cheti, mgonjwa hakurudi

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nafanya kazi Wete. Mwezi wa Sita nilivuka kwenda Unguja kwenye mafunzo ya siku tano ya tiba ya fikra na tabia, hii wanayoiita CBT, nikarudi na cheti. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo. Tangu ilipozama MV Spice Islander, Septemba 2011, hajapanda chombo. Hakuwamo melini wala hakufiwa na ndugu, lakini ana wajukuu Unguja ambao hajawahi kuwaona. Nilimweleza kuwa hofu yake ni fikra tu, nikampa karatasi yenye safu saba aandike fikra zake, nikamwambia wiki ya pili ajaribu kupanda boti. Hakurudi tena. Je, nitafute mafunzo mengine?
Muuguzi, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo neno “tu” ndilo lililomfukuza. Meli ilizama kweli, na Pemba nzima ililia. Ukimwambia ni fikra tu, umemwita muongo. Aaron Beck, daktari wa Philadelphia aliyeanza kuijenga tiba hii miaka ya 1960, aliwauliza wagonjwa wake maswali, akapima nao ushahidi wa fikra zao. Muulize: unapoiona boti, nini kinakupitia moyoni? Jirani zako wanaovuka, safari ya mwisho walirudi vipi? Kisha nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Mimi nilijifunza tiba hii baada ya miaka kumi na nane wodini, nikajiona najua kila kitu. Msimamizi wangu akataka nirekodi kikao kimoja, kwa idhini ya mgonjwa. Alisikiliza dakika kumi, akazima, akaniuliza: “Mgonjwa yuko wapi?” Kweli, sauti ilikuwa yangu mwanzo mwisho. Nasaha tupu, na kisa cha shangazi yangu marehemu juu yake! Ndivyo tulivyolelewa, mtu akija na dhiki mkubwa humpa nasaha. Sizilaumu nasaha, nazitoa hadi leo barazani kwangu, lakini tiba hii ni kitu kingine. Ipo fomu ya kupimia kikao, ina vipengele 11, kila kimoja alama 0 hadi 6. Jumla ni 66, na kwa kawaida ukifika 40 ndipo unahesabiwa kuwa unaiweza. Mimi nilipata 19. Nilikasirika siku mbili.

Kwa hiyo usikimbilie semina ya pili. Tafuta mtu aliyekutangulia akusikilize kila wiki, hata kwa simu. Rikodi zenyewe usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Pemba ni ndogo, sauti ya mtu inajulikana.

Kuhusu boti, ulimrusha mama ghorofa ya juu bila ngazi. Pangeni vidato pamoja, na yeye ndiye aseme kipi chepesi. Pengine cha kwanza ni kukaa mahali anapoiona bahari. Halafu gatini, halafu kuingia kwenye chombo kilichofungwa na kutoka, halafu mwendo mfupi kwa mashua siku bahari imelala. Kila kidato mwambie aipe hofu yake namba, 0 hadi 100, na msiondoke namba ikiwa bado juu. Akiondoka wakati huo, hofu hujifunza kuwa kukimbia ndiko kulikomuokoa. Mara za mwanzo ufuatane naye. Lakini akikwambia anaota maiti usiku, au hawezi hata kuitaja meli ile, simama kwanza umuulize msimamizi wako.

Na ile karatasi, ulimuuliza kama anajua kuandika? Mgonjwa wangu mmoja wa shamba nilimpa kopo la maziwa. Kila akitoka nje ya ua alitia kokoto moja. Wiki ya kwanza aliniletea mbili, ya nne hazikuhesabika kwa haraka. Halafu usiiite “kazi ya nyumbani”, inanuka skuli na bakora.

Mfuate huyo mama. Nenda mwenyewe, usimtume jirani, na usivae sare, watu wasije wakauliza muuguzi wa akili kafuata nini pale. Mwambie umemharakisha na unataka radhi. Nenda baada ya alasiri, akishatulia na shughuli zake, na karatasi zako ziache kituoni.